Chozi na Mia ya Suheli

Alhamisi, 5 Septemba

Daftari hili nimelinunua Al Mansoura kwa ajili ya kuandika dawa za Mama Kubwa. Lakini dawa zenyewe ni tatu na kurasa ni mia mbili, kwa hiyo nitaandika na mengine. Likipotea, ni la Sabra wa Muheza, Tanga, anayefanya kazi nyumba ya geti la kijani hapa Al Rayyan, pembeni ya Doha. Mwenye kuliokota asisome.

Leo alfajiri Mama Kubwa alinigongea ukuta kwa bakora. Huyu ni mama yake Bu Nasser, mwenye nyumba. Amepita miaka themanini, na tangu alipoanguka mwezi wa Mei hataki kusimama hata kwa dawa. Alitaka nimpeleke nje akaitafute nyota ya Suheli, ile inayotangaza kwamba joto limeanza kufunga virago. Televisheni ilisema imechomoza tangu tarehe ishirini na nne Agosti. Yeye akasema nyota ya televisheni si yake, na siku zote hizo vumbi lilikuwa limefunga mbingu.

Nikakisukuma kiti chake cha magurudumu hadi getini, upande wa kusini. Nyumba nzima ilikuwa kimya isipokuwa Bu Nasser, ambaye alilala majlisi, ukumbi wa wageni, kwa kuwa kiyoyozi cha chumbani kwake kilizimika usiku. Alisali, akarudi kulala, na mkoromo wake tulikuwa nao hadi getini kama mashine ya kusaga mahindi. Mama Kubwa akatafuta, akatafuta, halafu akainua kidole juu ya tangi la maji la jirani. Nyota moja, chini kabisa, inapepesa.

"Moja," akasema.

Kumbe ataihesabu hadi siku ya mia, kumi kumi, kama alivyofanya baba yake. Kila kumi ikitimia anatia kokwa ya tende ndani ya kopo la biskuti. Nikamwambia babu yangu kule Pangani alihesabu hivyo hivyo tangu siku ya Mwaka, ule wa wakulima na wavuvi, kumi kumi, na mbegu haigusi ardhi mpaka kumi lake lifike. Aliniangalia kama ndiyo kwanza nimeajiriwa leo.

Ijumaa, 6 Septemba

Joto. Huyo Suheli hajapata habari.

Jumamosi, 14 Septemba

Kokwa ya kwanza. Asubuhi ndege keremkerem, wale wala nyuki, wamepita juu ya nyumba, kundi kubwa, wanaitana wenyewe kwa wenyewe. Mama Kubwa anasema huu ndio msimu wao, wanatoka kaskazini wanakwenda kwenu. Kwetu, yaani. Nimewasalimia.

Jumapili, 22 Septemba

Leo nimelia na sikuona haya.

Nilikuwa uani naanika nguo. Pembeni ya jiko kuna mti wa maua ya manjano, maua marefu kama tarumbeta, mrefu kunizidi mimi. Nikasikia sauti ndogo kali, "chwii, chwii", nikaganda na kanzu ya Bu Nasser mkononi. Ndege mdogo kuliko kidole gumba changu na kucha yake, mdomo umepinda, ameningʼinia kwenye ua anafyonza. Tumbo la njano, mgongo wa kijivu, na katikati ya koo mstari mweusi kama mtu amempitishia kalamu ya wino.

Chozi. Chozi dume, kama wale wa kwenye migomba ya mama yangu, waliokuwa wananyonya ua la mgomba mimi nimekaa chini nachambua mchicha. Miaka miwili na nusu niko hapa na sijawahi kuona kitu chochote cha nyumbani ambacho hakikuja ndani ya sanduku.

Huo mstari naujua. Dume la chozi huvua joho lake la kungʼaa likabaki na nguo za kazi, halafu msimu wake ukifika hulivaa tena, zambarau na buluu inayowaka. Huyu amevua. Mstari ni mabaki ya joho.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimemwambia Hamza. Hamza ndiye dereva wa nyumba, mtu wa Makunduchi, na hakuna jambo asilolijua.

"Chozi? Doha hii? Wewe bibi, huyo shomoro kapigwa na jua."

"Atageuka zambarau, utaona."

"Na miye ntageuka waziri. Hebu nipe chai."

Hamza ana macho mawili na yote mawili anayatumia kwenye simu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye hata ukimwambia hatazami. Kuanzia leo ananiita Mama Zambarau. Nimeitwa majina mengi katika maisha yangu, ila mzushi sijawahi, na hili sitalisahau.

Jumatano, 25 Septemba

Dada Kerubo amekuja. Ni nesi, Mkenya wa Kisii, huja mara tatu kwa wiki kumpima Mama Kubwa presha na kumbembeleza asimame. Leo pia hakusimama. Nikampeleka Kerubo uani, na chozi, Mungu ampe maisha, akatokea.

"Wewe! Hiyo si ni hummingbird? Nimeziona YouTube, walai."

"Ni chozi."

"Haya, chozi ya huku. Sasa skiza, unaweka sugar water kwa chupa, iwe red, unaning'iniza hapo. Zitakuja mob, utashangaa."

Rangi nyekundu sikuwa nayo. Lakini kabatini kulikuwa na chupa ya ile sharubati ya zabibu ya Ramadhani, ya zambarau iliyokolea, tamu hata jino lisilo na tundu linauma. Nimechanganya na sukari, nikatundika kwenye mti.

Ijumaa, 27 Septemba

Sisimizi.

Jumapili, 29 Septemba

Sisimizi na nyuki. Chozi haigusi chupa, anapita pembeni anakwenda kwenye ua lake. Lakini shore wameigundua, wale ndege weusi wenye mashavu meupe. Wanakunywa kama watu wa harusini. Chupa nitaitoa nikipata nafasi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Sikuipata nafasi.

Jana jioni nilianika kanzu saba za Bu Nasser, nyeupe pe, kwa ajili ya harusi ya binamu yake leo. Asubuhi natoka, naona kanzu zimechanua. Shore waliokunywa sharubati walilala juu ya kamba, na kilichoingia kwa mdomo kimetoka kwa njia yake, zambarau ile ile. Madoa hamsini na matatu. Nimeyahesabu nilipokuwa nayasugua.

Bu Nasser alitokea uani na taulo begani. Hapigi kelele, huyu mtu. Akikasirika sauti inashuka, na ndipo unapotamani apige kelele.

"Nani ametundika chupa?"

"Mimi, Baba."

"Kwa nini?"

Nikamweleza yote: chozi, joho, nguo za kazi, migomba. Kiarabu changu kikichanganyikiwa huwa kinakimbia, na nilipofika kwenye joho nadhani nilisema ndege anavaa koti. Hamza alikuwa nyuma ya gari, namwona mabega yanavyocheka. Na chozi mwenyewe akaja wakati huo huo, akatua kwenye ua, mdogo, amechakaa, kama aliyetumwa kunifedhehesha.

"Huyu ndiye wa zambarau?"

"Atageuka, Baba. Wallahi atageuka."

"Sabra," akasema, "zambarau niliyoiona mimi ni ya kwenye kanzu."

Kisha akasema mti wenyewe uko njiani. Mwaka huu Nasser, mwanawe mkubwa, anaposa, na karamu ya wanaume ni tarehe kumi na tisa Desemba. Hema jipya litapigwa hapa uani, na mti utangʼolewa wiki hii. Alilisema kama mtu anayeagiza mkate.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ilitoka dirishani, kwa Mama Kubwa, ambaye kumbe alikuwa amesikia kila neno.

"Hakikatwi kitu mpaka mia ya Suheli itimie. Baba yako hakukata mti kabla ya mia."

"Yumma, ni kichaka tu."

"Basi kitasubiri kama kichaka."

Hakuna mtu hapa anayembishia mama yake mbele ya wafanyakazi. Bu Nasser akasema sawa, mia ya Suheli, akaandika kwenye simu. Mama Kubwa hakumwachia hapo. Akamuuliza, na ndege akigeuka zambarau kabla ya hapo? Bu Nasser akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akasema akigeuka, hema atalipiga mbele, kwenye maegesho, na vigingi atavigonga kwa mkono wake mwenyewe.

"Watu wamesikia," akasema Mama Kubwa, akafunga dirisha.

Kwa hiyo mti unaishi mpaka siku ya mia, na baada ya hapo unaishi tu kama chozi atavaa. Huko kwetu najua mwezi wake. Huku sijui anafuata kalenda ya nani.

Ijumaa, 4 Oktoba

Kokwa ya tatu. Mikono inanuka siki na jiki. Kanzu tano zimepona.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kerubo amekuja ameinamisha kichwa. "Pole sana, Sabra. Nimeenda nikasoma, hizo hummingbird ziko America pekee. Huku hakuna hata moja. Mimi ndio nilikuingiza kwa shida."

Nikamwambia chupa niliitundika mimi, yeye hakunishika mkono. Akaniambia na hilo la kugeuka pia amelisoma, na ni kweli, ila hakuna anayesema siku. Wengine hukawia hadi Januari. Ningependa asingelisoma hilo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kokwa ya nne. Chozi hana doa la zambarau hata moja. Namtazama kila asubuhi nikipepeta mchele, hadi mchele unakasirika.

Alhamisi, 17 Oktoba

Leo hudihudi ametua uani! Ana kilemba chake kichwani, anadonoa majani kama anayetafuta pete iliyopotea. Nikakimbia kumwambia Mama Kubwa, nikasahau kwamba hatembei. Akaniambia nimletee kile kiti cha chuma cha kutembelea, ambacho kimekaa kona tangu Juni kinaanikiwa mitandio. Akakishika, akasimama. Magoti yanatetemeka, mimi nimemshika kiunoni natetemeka kumzidi. Hatua nne hadi dirishani.

Akamtazama hudihudi hadi alipoondoka. Akaniambia huyu ndiye aliyemletea Nabii Suleimani habari kutoka Sabaa, na Nabii hakumwamini pale pale. Alimwambia, tutaona kama umesema kweli.

"Naye akangoja?" nikauliza.

"Akangoja. Alikuwa anajua alichokiona."

Kerubo atazimia nikimwambia hizi hatua nne.

Jumamosi, 19 Oktoba

Hakuzimia. Amecheza ngoma ya Kisii chumbani kwa mgonjwa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kokwa ya tano, na chozi hajaonekana siku ya nne leo. Keremkerem wameshapita wote, mbayuwayu wanapita, kila chenye bawa kinapita. Hamza kaniuliza kama Mama Zambarau kaachwa. Nimeumwagilia mti maji kisha nikakaa chini yake, na nilimkumbuka mama yangu kwa namna ambayo sitaiandika.

Jumapili, 27 Oktoba

AMERUDI. Na bado ni wa kijivu, lakini amerudi. Nimempikia kila mtu vitumbua, hata Hamza.

Jumapili, 3 Novemba

Kokwa ya sita. Kuna doa. Begani, bawa la kushoto, doa jeusi dogo kama punje ya uwatu. Nimepangusa macho mara tatu. Nimemwita Mama Kubwa, akaja kwa miguu yake hadi mlango wa jiko, hatua kumi na saba, akakodoa. Akasema macho yake hayafiki hapo ila yangu anayaamini. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniambia hivyo.

Jumatano, 13 Novemba

Kokwa ya saba. Usiku mvua ilinyesha, dakika ishirini, barabara zimekuwa bahari na watu wazima wanapiga picha. Doa la begani limekuwa madoa manne. Kichwa bado.

Jumamosi, 23 Novemba

Kokwa ya nane. Koo limekuwa jeusi lote na jua likimpiga linatoa buluu. Lakini kifua kina viraka. Anaonekana kama shati lililofuliwa na soksi. Nahesabu: zimebaki siku ishirini. Anaweza. Akiamua anaweza.

Ijumaa, 29 Novemba

Hamza kaja jikoni, hakukaa, wala hakuomba chai, nikajua kuna jambo.

"Da Sabra," akasema. Hajaniita hivyo tangu Septemba. "Baba kaagiza mafundi wa hema. Jumapili asubuhi wanakuja na msumeno."

"Jumapili ipi? Mia bado siku kumi na nne."

"Yeye kahesabu toka ile tarehe ya kalenda, ishirini na nne Agosti. Jumapili tarehe mosi ndiyo mia yake. N'nakwambia mapema usije ukapigwa na mshituko."

Nimekaa juu ya gunia la mchele. Mimi na Mama Kubwa tumehesabu tangu siku aliyoiona kwa jicho. Bu Nasser amehesabu tangu siku iliyotangazwa. Siku kumi na mbili katikati, na chozi ana viraka.

Jumapili, 1 Desemba

Nitaandika yote, hata kama mkono utakatika.

Saa mbili asubuhi mafundi watatu walikuwa uani na mabomba ya chuma. Mmoja ana msumeno. Bu Nasser anawaonyesha pembe za hema kwa kidole. Chozi alikuwa kwenye mti, nusu joho, nusu matambara, anafyonza kama hakuna kinachomhusu.

Nilisimama mbele ya mti. Sikupanga. Nilikuwa na mwiko mkononi, natumaini hakuna aliyedhani ninatishia mtu.

"Baba, mia haijatimia."

"Imetimia leo, Sabra. Nimehesabu." Akanionyesha simu.

Ndipo tukasikia chuma kinagonga sakafu, ko, ko, ko, na Mama Kubwa akatokea mlango wa jiko na kiti chake cha kutembelea. Bu Nasser hakuwa anajua kwamba mama yake anatembea. Sisi watatu, mimi na Kerubo na yeye mwenyewe, tulikuwa tumepanga kumficha hilo mpaka siku ya karamu. Namwona bado Bu Nasser alivyoachama. Akataka kumkimbilia, mama akamkataza kwa kidole.

"Mia yako ni ya televisheni," akasema. "Mimi nilisema mia ya Suheli, na Suheli nilimwona mimi. Leo ni siku ya themanini na nane."

"Yumma, nani ana hakika? Vumbi lilikuwepo wiki mbili. Huenda ulimwona kabla, huenda baada."

Mama Kubwa akageuka kulitazama dirisha la chumba chake, kopo liliko. Kokwa nane ndani ya kopo haziandikwi tarehe. Na ni mzee, na mbele ya mafundi. Uso wake ulifanya kitu ambacho sikutaka kukiona tena.

"Nimeandika," nikasema.

Nikaenda kulichukua daftari. Bu Nasser akaligeuza, akaona Kiswahili, akamwita Hamza. Akamwambia asome ukurasa wa siku ya nyota tu, asiongeze wala asipunguze, kwa amana ya Mungu. Hapo nikakumbuka nilichokiandika. Mdomo huponza kichwa, ila mimi imeniponza kalamu. Nikamkonyeza Hamza. Nikamkonyeza tena. Hamza akalishika daftari kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu, akaanza kulitafsiri kwa Kiarabu, taratibu, neno kwa neno. Kiti cha magurudumu. Geti. Kusini. Halafu akafika.

Akameza mate. "Imeandikwa," akasema, "kwamba Baba alilala majlisi, kwa kuwa kiyoyozi kilizimika. Na kwamba mkoromo wake..."

"Soma."

"...ulifika hadi getini, kama mashine ya kusaga mahindi."

Mafundi wakatazama mabomba yao. Nilitamani ardhi ipasuke, na mti wenyewe uniangukie. Mama Kubwa alikuwa anatikisika mabega, akidhani hatumwoni.

Bu Nasser akatoa simu, akapekua, akapekua. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kiyoyozi kiliharibika usiku mmoja tu mwaka huu. Alimwandikia fundi saa tano usiku. Ujumbe huu hapa: tarehe nne Septemba. Alfajiri yake ni tarehe tano.

Akalifunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Themanini na nane," akawaambia mafundi. "Rudini Jumamosi ya tarehe kumi na nne."

Walipoondoka nikamfuata Hamza garini. Nikamwambia angeweza kuuruka ule mstari.

"Ningeuruka, angejuaje siku? Kwetu Makunduchi tunahesabu kumi kumi vile vile, da Sabra. Hesabu haikatwi kati." Akawasha gari, akalizima. "Lakini mashine ya kusaga, wewe bibi. Mashine ya kusaga."

Nilichokiandika juu yake tarehe 23 Septemba nimekipiga mstari. Bado kinasomeka, lakini nimekipiga.

Jumanne, 3 Desemba

Kokwa ya tisa. Kiraka kikubwa kifuani. Baridi nzuri.

Jumapili, 8 Desemba

Viraka viwili vidogo. Bu Nasser amepita uani akijifanya anakagua bomba la maji. Alikagua dakika kumi.

Jumatano, 11 Desemba

Hamza ameniazima darubini ya rafiki yake mlinzi. Kimebaki kiraka kimoja, chini ya mkia, na ni kidogo sana, ila ni cha njano na wallahi kinanicheka.

Ijumaa, 13 Desemba

Siku ya mia.

Niliamka kabla ya adhana nikashindwa hata kukanda unga. Kulipopambazuka nikatoka: mti mtupu. Saa moja mtupu. Saa mbili Mama Kubwa akatoka kwa miguu yake, akakaa kwenye kiti cha plastiki cha jikoni, kokwa ya kumi mkononi. Kerubo hana zamu leo lakini amekuja, amesema eti alikuwa anapita. Hamza kaegesha gari, hajashuka na hajaondoka. Bu Nasser akaja na kikombe cha kahawa, akasimama. Shore wamekaa kwenye kamba kama mashahidi wa upande wa pili.

Kisha akaimba. Hatukumwona kwanza. Hajawahi kuimba tangu afike, miezi yote hii ni "chwii" tu, na leo ni wimbo, unaanguka kwa haraka kama shanga zilizokatika uzi. Akatoka ndani ya majani, akapanda tawi la juu kabisa, jua likampiga.

Mweusi wote, nilidhani kwa nukta moja, si zambarau. Halafu akageuza shingo na ule weusi ukawaka. Zambarau kifuani, buluu mgongoni, kijani pembeni ya koo, hakuna kiraka, hakuna uzi wa njano hata mmoja. Akatikisa mabawa, akaimba tena, anamwimbia nani sijui, ila alikuwa anaimba kama mtu mwenye haki yake.

"Uwi!" akasema Kerubo, akaziba mdomo.

Sikulia. Nilidhani nitalia, nikajikuta nimesimama wima, mikono kiunoni, kama mwenye shamba. Nilisema kweli. Tangu tarehe ishirini na mbili Septemba nilisema kweli.

Kahawa ya Bu Nasser ilikuwa inamwagika kwenye kanzu yake na hakuwa anajua. Simu alikuwa nayo mkononi na hakupiga picha. Mama Kubwa akatia kokwa kwenye kopo, ikalia, ndipo sote tukashituka.

"Mia," akasema. "Nyundo iko wapi?"

Ahadi ni deni. Mafundi walipigiwa simu wasije kesho. Baada ya sala ya Ijumaa magari yote matatu yametolewa yakawekwa barabarani, na Bu Nasser, mtu ambaye sijawahi kumwona amebeba hata sahani, amekunja mikono ya kanzu yake yenye kahawa akagonga vigingi ishirini na vinne kwenye maegesho. Hamza anashika, yeye anagonga. Kile cha tatu alijigonga kidole. Majirani walisimama kutazama, akawaita mmoja mmoja, akawapitisha jikoni kwangu, kwa safu, viatu mkononi, kwenda kuona ndege. Mzee mmoja alitaka kujua ni ndege gani huyu. Bu Nasser akanitazama mimi.

"Chozi," nikasema.

"Chozi," akawaambia, kama aliyemfuga.

Jioni alikuja mlango wa jiko, kidole kimefungwa kitambaa. Akauliza kama leo nimeandika. Nikamwambia bado, nasubiri vyombo viishe. Akauliza kama nakumbuka saa ndege alipotokea. Nikamwambia saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Akaitikia kwa kichwa, akaenda hatua mbili, akarudi.

"Andika na mimi nilikuwepo," akasema. "Macho."

Saa tatu na dakika ishirini. Bu Nasser alikuwepo, na alikuwa macho.